Dozi ndogo ya naltreksoni kwa maumivu ya fibromialjia na lupasi: kuna aliyeitumia akaona nafuu?

#1 NyotaYaNjombe

Habari za jioni wanajukwaa. Nina swali, na naomba wenye uzoefu watangulie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 41, kilo 58. Niligundulika na lupasi mwaka 2018, baada ya miaka miwili ya kutibiwa malaria, halafu taifodi, halafu baridi yabisi. Natumia dawa za kutuliza lupasi, haidroksiklorokwini 400 mg kwa siku na prednisoloni 5 mg. Figo ziko salama, mkojo hauna protini. Kliniki iliyopita daktari aliangalia majibu ya damu akaniambia, "Mwalimu, ugonjwa wako umelala."

Ugonjwa umelala, mimi ndiye nisiyelala. Mabega, kiuno, mapaja, hata ngozi ya mikono inauma. Mtu akinishika bega kwa kunisalimia naumia kama ameshika jipu. Naamka nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani. Kuandika ubaoni siku hizi siwezi kumaliza kipindi. Kuna mtoto wa darasa la tano ameshanisoma, nikishusha mkono tu anainuka mwenyewe, anachukua chaki, mimi namsomea yeye anaandika.

Daktari ametaja neno jipya, fibromialjia, maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo. Mdogo wangu yuko Marekani, anasema kule watu wenye tatizo hili wanameza naltreksoni, dozi ndogo sana, 4.5 mg. Nimesoma nikakuta ni dawa ya kuwaachisha watu heroini na pombe. Nimeogopa. Mimi hata bia sijawahi kuonja. Dawa hiyo inanihusu vipi?

#2 Mkulima_wa_Parachichi

Pole sana mwalimu. Niko hapo hapo Njombe. Kabla hujafika Marekani, hiyo ni baridi. Mwezi huu wa sita mimi mzima kabisa naamka magoti yanalia. Kunywa maji ya moto, vaa sweta mbili, na mlonge asubuhi kijiko kimoja uongeze kinga.

#3 BintiMrima

Mkulima, mimi niko Tanga kwenye joto la kuivisha embe na maumivu ninayo hayo hayo. Kwa hiyo baridi peke yake haitoshi.

Dada Nyota, nina lupasi mwaka wa kumi na mbili sasa. Hicho unachoeleza nakijua, na nimejifunza kuyatenganisha maumivu mawili. Lupasi ikiamka, viungo vya vidole vinavimba, asubuhi siwezi kufunga kifungo cha gauni, mdomoni natoka vidonda, nywele zinakatika. Haya mengine hayavimbishi kitu. Yanatembea mwili mzima, na siku nikikosa usingizi yanazidi. Nilichukua miaka kumuelewesha daktari kwamba ni mawili, kila nikilalamika anapandisha prednisoloni. Nikanenepa uso mpaka mama mkwe akasema nimependeza, maumivu yako palepale.

Naltreksoni sijaitumia. Kilichonisaidia mimi ni amitriptilini, nusu kidonge usiku.

#4 Famasia_wa_Zamu

Mimi ni mfamasia, Mwanza. Nianze na #2 kwa sababu ndiyo ya haraka. Mkulima, nia yako njema lakini mgonjwa wa lupasi asiambiwe "aongeze kinga". Lupasi ni kinga ya mwili inayomshambulia mwenyewe. Dawa zake zote kazi yake ni kuituliza. Chochote kinachouzwa kwa jina la kupandisha kinga, kiwe cha majani au cha kopo, amuulize kwanza daktari wake.

Sasa naltreksoni. Ni kweli ilisajiliwa kwa uraibu. Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, waliiidhinisha 1984 kwa waraibu wa heroini na jamii yake, na 1994 kwa pombe, kidonge cha 50 mg. Kazi yake ni kuziba vipokezi vya afyuni kwenye ubongo, mtu akijidunga asisikie kitu. Hii ya 4.5 mg ni chini ya sehemu ya kumi ya dozi hiyo. Hakuna mamlaka niliyoiona imeisajili kwa fibromialjia wala lupasi. Daktari anaweza kuiandika kwa uamuzi wake, kama tunavyoandika dawa nyingi kwa kazi ambayo haikusajiliwa. Hata hiyo amitriptilini ya BintiMrima ilisajiliwa kwa sonona. Hilo peke yake lisimtishe mtu.

Kinachonitisha mimi ni kitu kimoja. Mwalimu, unatumia tramado?

#5 NyotaYaNjombe

Shukrani. Ndiyo, natumia siku zikizidi. Mara mbili kwa wiki hivi, niliandikiwa mwaka jana.

#6 Famasia_wa_Zamu

Basi tusimame hapo kidogo. Tramado, kodeini na mofini zinapita kwenye mlango uleule ambao naltreksoni inaufunga. Ukizichanganya, kwanza tramado haitakusaidia. Pili, kama mwili umeizoea tramado kila siku, naltreksoni inaweza kukutia arosto ya ghafla, kutapika, kuhara, kutetemeka, jasho. Wanaoianza huacha kwanza dawa za jamii ya afyuni, siku saba hadi kumi au zaidi, kwa uangalizi. Na anayeitumia akipata ajali au upasuaji lazima wamjue mapema, maana dawa ya maumivu ya wodini inaweza isimshike.

Mara mbili kwa wiki si kama kila siku, lakini daktari wako ajue.

#7 Dada_wa_Minneapolis

Nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi. Niko Minnesota, asili yangu Moshi. Sina lupasi, nina fibromialjia, na naltreksoni naimeza mwaka wa tatu sasa.

Nilianza 1.5 mg, baada ya wiki mbili 3 mg, kisha 4.5. Duka la kawaida halina dozi hiyo hata huku. Kuna maduka maalumu ya dawa yanayotengeneza vidonge kwa mgonjwa mmoja mmoja, na bima yangu hailipi, natoa mfukoni. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu isipokuwa ndoto. Ndoto kali, zenye rangi, nikazungumza na marehemu bibi yangu usiku mzima. Daktari akaniambia nihamishie asubuhi, ndoto zikatulia. Mwezi wa pili nikagundua nimepanda ngazi za kanisa bila kushika chuma.

Maumivu hayajaisha. Yalikuwa saba kwa kumi, sasa ni manne. Lakini ile akili kuwa na ukungu, kusahau sufuria jikoni, imepungua sana, na hilo kwangu ndilo kubwa.

Na kwa ninavyojua utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa Daktari Bihari ndio ulioithibitisha.

#8 Fundi_Takwimu

Dada wa Minneapolis, hongera kwa nafuu, ila umechanganya watu wawili. Bernard Bihari alikuwa New York, miaka ya 1980, akitibu wagonjwa wa UKIMWI, ndiye aliyeanza kutumia dozi ndogo. Stanford ni Jarred Younger.

Younger alianza 2009 na wanawake kumi tu. Akarudia, matokeo yakatoka 2013, wanawake 31, kila mmoja akipewa dawa kwa kipindi na kidonge kitupu kwa kipindi kingine bila kujua kipi ni kipi. Kwenye dawa maumivu yalishuka kwa asilimia 28.8, kwenye kidonge kitupu asilimia 18.0. Tazameni hiyo ya pili. Kidonge kisicho na kitu kilishusha maumivu karibu moja ya tano!

Halafu Denmark wakafanya kubwa zaidi, wanawake 99, 6 mg, wiki 12, nusu dawa nusu kidonge kitupu. Wote walipata nafuu kiasi, lakini tofauti ya maumivu kati ya makundi haikufikia kiwango cha kusema dawa imeshinda. Kwa hiyo kwangu mjadala umekwisha.

#9 Dada_wa_Minneapolis

Asante kwa sahihisho la Bihari. La pili sikubali. Mimi siyo wastani wa watu 99.

#10 Kijana_wa_Wodi

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari. Fundi, umesoma Denmark nusu. Ni kweli kwenye maumivu hawakuona tofauti ya kutosha. Lakini kati ya mambo mengine waliyopima, matatizo ya kumbukumbu yalionekana kupungua kwa waliomeza dawa. Halikuwa swali lao kuu, kwa hiyo huwezi kulitangaza kama ushindi. Ila rudi usome alichosema Dada wa Minneapolis kuhusu sufuria, na hakuwa ameusoma huo utafiti.

#11 Fundi_Takwimu

Ukipima mambo kumi, moja litaonekana limepungua kwa bahati. Lakini nakubali sikuandika yote.

#12 Mzee_Kibao

Mimi nataka kuelewa jambo moja tu, vijana. Dawa inayozuia dawa za maumivu itapunguzaje maumivu? Ni sawa na kumfungia mlango mpishi halafu ungoje chakula.

#13 Kijana_wa_Wodi

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo linalowagawa wataalamu, na maelezo yapo mawili.

La kwanza ni la zamani. Mwili hutengeneza afyuni yake wenyewe, endofini. Dozi ndogo inafunga mlango kwa saa chache tu, maana dawa hii haikai sana mwilini. Mwili ukiona mlango umefungwa, unatengeneza endofini nyingi zaidi na kuongeza milango. Dawa ikiisha, milango inafunguka na chakula kimejaa jikoni. Dozi kubwa ya 50 mg haifanyi hivyo kwa sababu mlango unabaki umefungwa siku nzima.

La pili ndilo analolishikilia Younger. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna seli za ulinzi zinaitwa maikroglia. Zikiwashwa, zinamwaga kemikali zinazofanya neva zipige kelele bila sababu. Naltreksoni inadhaniwa kuzituliza kupitia kipokezi kingine kabisa kiitwacho TLR4. Hapo haina uhusiano na endofini.

#14 Mzee_Kibao

Marahaba. Kwa hiyo hawajui.

#15 Kijana_wa_Wodi

Kila upande una ushahidi wake mzee, hasa wa maabara. Kuna kitu kimoja kwenye ule utafiti mdogo wa 2009 kinanivutia kwa ajili ya mwalimu. Waliokuwa na ESR ya juu zaidi, kile kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ndio waliopata nafuu kubwa. Watu kumi ni wachache mno kujenga nyumba juu yake. Lakini kinalisogelea hilo la maikroglia.

#16 BintiMrima

Sasa hapo mwanangu umenichanganya. Fibromialjia si ndiyo ile isiyoonekana kwenye damu? Kama ESR iko juu kwa mwenye lupasi, nitajuaje kama ni lupasi inaamka?

#17 Kijana_wa_Wodi

Hujakosea mama. Kwa mwenye lupasi ESR inaweza kupandishwa na lupasi, upungufu wa damu au maambukizi. Ndiyo maana daktari anaangalia pia vipimo vingine vya damu (CRP, C3 na C4, anti-dsDNA), mkojo, na anashika viungo kwa mikono yake. Hakuna kipimo kimoja cha kutenganisha.

#18 Wasiwasi_wa_Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Mnasema wanawake, wanawake. Mimi ni mwanaume, dereva wa lori Kisumu hadi Malaba, na nina hii fibromialjia. Nilikaa miaka minne nikiambiwa ni mgongo wa udereva. Nilipigwa picha za kila aina, zote safi. Ndugu zangu wakaanza kusema nimetupiwa kitu na mtu tuliyegombania shamba. Nililipa mbuzi wawili.

Daktari aliyenitambua hakutumia mashine. Alinipa karatasi yenye mchoro wa mwili, niweke alama panapouma, akauliza usingizi, uchovu na kumbukumbu. Nikamwekea alama mwili mzima. Alinitazama akasema, "Ninakuamini." Nililia mbele yake.

#19 Mzee_Kibao

Pole mwanangu. Hao mbuzi umwombe Mungu akurudishie.

#20 Mkulima_wa_Parachichi

Wasiwasi, shamba je, ulilipata?

#21 Wasiwasi_wa_Kisumu

Nililiacha. Sikuwa na nguvu za kulima.

Dawa yangu ni pregabalini usiku. Inasaidia lakini siwezi kuimeza siku ya safari, kichwa kinakuwa kizito. Na mimi nauliza naltreksoni kwa sababu hiyo.

#22 Famasia_wa_Zamu

Wasiwasi, umefanya vyema kutoimeza ukiwa barabarani. Pregabalini ndiyo dawa ya kwanza FDA kuisajili kwa fibromialjia, 2007, ikafuata duloksetini 2008. Ulaya mamlaka yao ikazikataa kwa kazi hiyo hiyo. Dawa ile ile, majaribio yale yale, mabara mawili yakaamua tofauti. Nalisema ili mtu asidhani "imesajiliwa" maana yake imemaliza mabishano.

#23 Dada_wa_Minneapolis

Na 2025 FDA wamesajili nyingine, siklobenzaprini ya kuweka chini ya ulimi wakati wa kulala. Ni dawa ya misuli ya tangu miaka ya 1970, sasa kwa dozi ndogo kwa fibromialjia. Kwa hiyo mtindo wa kuchukua dawa ya zamani na kupunguza dozi si wa wahuni.

#24 Fundi_Takwimu

Nimekuwa najiuliza jambo tangu jana na halihusu naltreksoni. Mwalimu alisema #1 ana kilo 58 na anameza haidroksiklorokwini 400 mg. Ninayoisoma kila mahali ni isizidi 5 mg kwa kila kilo kwa siku. 58 mara 5 ni 290. Yeye yuko karibu 6.9 kwa kilo, na ni tangu 2018. Famasia, nimekosea hesabu?

#25 Famasia_wa_Zamu

Hujakosea, na naona aibu sikuiona mimi. Mwalimu, macho yamepimwa lini?

#26 NyotaYaNjombe

Miwani ya kusomea nilipimwa 2021. Ndiyo hiyo?

#27 Famasia_wa_Zamu

Siyo hiyo. Dawa hii ikikaa miaka mingi mwilini inaweza kuharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na mtu haoni dalili mpaka madhara yamekwenda mbali. Inatakiwa upimwe retina ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano kila mwaka. Mwenye shida ya figo aanze mapema zaidi. Omba kipimo cha retina kwa jina, cha picha ya tabaka za jicho na cha eneo la kuona. Ukisema "macho" tu watakupa ubao wa herufi.

Usipunguze dawa mwenyewe. Narudia, usipunguze.

#28 BintiMrima

Hilo la kutopunguza naliunga mkono kwa machozi. Mimi 2020, wakati wa korona, dawa hii ilipogombaniwa dunia nzima, nilikosa wiki saba. Ndipo figo zangu zilipoguswa, na hazijarudi zilivyokuwa. Naogopa macho, lakini lupasi naiogopa zaidi.

#29 Kijana_wa_Wodi

Na wataalamu nao wako hapo hapo mlipo. Tangu kiwango cha 5 kwa kilo kitangazwe kwa ajili ya macho, wengine wameonyesha kuwa walioshushwa dozi huamshiwa lupasi mara nyingi zaidi. Kwa hiyo siyo hesabu ya Fundi peke yake, inapimwa na daktari na mgonjwa pamoja.

Jingine mwalimu. Prednisoloni ya miaka mingi inaweza kuua kichwa cha mfupa wa paja. Maumivu ya kiuno yako ni pande zote, au kinena upande mmoja ukikanyaga?

#30 NyotaYaNjombe

Pande zote. Kinena hakiumi.

#31 Kijana_wa_Wodi

Afadhali. Likiwa upande mmoja, usisubiri kliniki. Na uliza vitamini D na homoni ya tezi la shingo. Mwenye lupasi anakwepa jua, vitamini D inashuka, mifupa na misuli inauma vilevile mwili mzima. Nimeona mama mmoja wodini alibandikwa fibromialjia mwaka mzima, kumbe ni tezi.

#32 Mkulima_wa_Parachichi

Kumbe na mimi nilikuwa karibu. Jua na baridi si vimekaribiana?

#33 Mama_Wa_Pili

Nimesoma uzi wote jikoni mpaka ugali umeungua. Nauliza, kuna anayevunja kile kidonge cha 50 mg cha naltreksoni? Nimeona kwenye intaneti watu wanakiloweka kwenye maji wapate dozi ndogo. Shangazi yangu yuko Muscat, anaweza kutuma.

#34 Famasia_wa_Zamu

Wanaofanya hivyo wapo, na wengine wanafanya kwa maelekezo ya mfamasia. Lakini ukikosea kupima, 4.5 inakuwa 45, na hapo umefunga mlango siku nzima kama alivyoeleza kijana. Pia hujui usafi wa maji wala dawa inakaa humo siku ngapi. Na kuna ini la kuangaliwa. Dawa ya kutumiwa kwenye begi la mgeni, bila cheti, ukikamatwa nayo uwanja wa ndege ni shida nyingine. Kama daktari ameridhia, atafutwe mfamasia anayetengeneza dozi, ajue na dawa zako nyingine zote. Una ujauzito au unautafuta?

#35 Mama_Wa_Pili

Nautafuta. Ndiyo maana ya jina.

#36 Famasia_wa_Zamu

Basi anza na hilo kwa daktari kabla ya kitu kingine chochote. Haidroksiklorokwini kwa kawaida inaendelea kwenye ujauzito, usiiache kwa hofu.

#37 BintiMrima

Niongeze kuhusu amitriptilini, maana wengi wameniuliza faragha. Kidonge chetu ni cha 25 mg. Nilianza nusu. Ukikivunja ni kichungu na ulimi unakufa ganzi, usishtuke. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumeza saa nne usiku, asubuhi nikawa kama mlevi, nikatia chumvi kwenye chai ya wageni. Sasa nameza saa mbili, baada ya isha. Mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na hamu ya kula inaongezeka. Maumivu hayakuondoka, yalisogea pembeni. Nilianza kulala saa tano mfululizo, kitu ambacho sikukipata tangu nijifungue. Mimi naamini ni usingizi ulionitibu, dawa ilifungua mlango tu.

#38 Kijana_wa_Wodi

Mwenye haidroksiklorokwini akiongezewa amitriptilini apimwe moyo kwa ECG, maana zote mbili zinaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo ya moyo. Na amitriptilini na tramado pamoja ni mchanganyiko wa kuogopwa, degedege limo.

#39 Dada_wa_Minneapolis

Mmesahau dawa ambayo mimi niliichukia kuliko zote. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2016 ulipitia matibabu yote ya fibromialjia, na kitu pekee walichokipendekeza kwa uzito wote ni mazoezi. Amitriptilini ya dozi ndogo wameiweka kwenye "inaweza". Steroidi, jamii ya prednisoloni, wamezikataa kabisa kwa fibromialjia. Nilipoambiwa nitembee nilitaka kumrushia daktari kiatu. Nilianza dakika tano, theluji ikiwa imejaa, ndani ya maduka. Siwezi kuapa kama ni naltreksoni au ni kutembea.

#40 Fundi_Takwimu

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo nilikuwa nangoja tangu #7.

#41 Dada_wa_Minneapolis

Ipokee Fundi, lakini kidonge siachi.

#42 Mzee_Kibao

Mwalimu kimya. Mmemwogopesha.

#43 NyotaYaNjombe

Nipo mzee wangu, shikamoo. Nilikwenda kliniki na karatasi mbili za maswali kutoka uzi huu. Daktari alizisoma zote, akacheka, akauliza nimesomea wapi.

Naltreksoni amesema haikatai, ila hataki kuianza mimi nikiwa na tramado, na hapa hawezi kunipatia dozi ndogo ya kuaminika. Tramado tumeiacha. Ameanza amitriptilini nusu kidonge, ECG nimepima iko sawa. Vitamini D ilikuwa chini, nimeanzishiwa. Tezi ni nzima. Haidroksiklorokwini ameishusha, siku moja 400, siku moja 200, na damu nirudi baada ya miezi miwili. Retina nimepewa rufaa, Mbeya. Amenishauri niandike kila siku, maumivu kwa kumi, saa za usingizi, na dakika nilizotembea.

#44 Mzee_Kibao

Marahaba. Andika na hali ya hewa.

#45 Fundi_Takwimu

Mwalimu, umebadilisha mambo matano kwa siku moja. Ukipona hatutajua ni lipi.

#46 BintiMrima

Fundi, wewe apone kwanza.

#47 NyotaYaNjombe

Habari wapendwa, ni Oktoba sasa, nimerudi na daftari kama nilivyoahidi.

Retina zote mbili salama. Nilikaa nje ya mlango wa yule daktari wa macho nikawa siwezi kusimama kwa furaha.

Wiki ya kwanza ya daftari, wastani wa maumivu ulikuwa 7, usingizi saa tatu na nusu, kutembea sifuri. Wiki hii maumivu 5, usingizi saa sita, natembea dakika ishirini kwenda shuleni badala ya kupanda bodaboda. Mdomo mkavu, ndiyo. Nimeongezeka kilo mbili. Damu ya lupasi bado imetulia kwa dozi mpya. Jumanne niliandika ubaoni mpaka kengele. Yule mtoto alinyanyuka katikati nikamwambia kaa, akakaa, ila alibaki ananiangalia mkono.

#48 Dada_wa_Minneapolis

Nimelia huku kazini. Na naltreksoni?

#49 NyotaYaNjombe

Sijaifuta. Tano bado ni tano. Mdogo wangu anakuja Desemba, amesema tutakaa na daktari sote watatu.

#50 Kijana_wa_Wodi

Hongera mwalimu. Mimi naweka dau kwenye usingizi.

#51 Wasiwasi_wa_Kisumu

Mimi kwenye kuaminiwa. Daktari aliyesoma karatasi mbili za mgonjwa mpaka mwisho ni dawa.

#52 Fundi_Takwimu

Vitamini D nayo isisahaulike. Na maumivu ya namna hii hupanda na kushuka yenyewe, watu huomba msaada yakiwa kileleni.

#53 Mkulima_wa_Parachichi

Mwalimu, fungua hilo daftari lako tarehe maumivu yalipoanza kushuka. Si ni mwisho wa Agosti?

#54 NyotaYaNjombe

Tarehe 27 Agosti.

#55 Mkulima_wa_Parachichi

Baridi ya Njombe iliisha wiki hiyo hiyo. Mimi mwenyewe magoti yaliacha kulia.

#56 NyotaYaNjombe

Nimeangalia safu ya hali ya hewa aliyoniambia Mzee Kibao. Ni kweli, kaka. Daftari halijajaa, Juni nitakuwa bado naandika.